Skripti ikipewa 'sudo' bila mipaka, nafasi moja tu inatosha kufuta seva

Chukua mfano huu. Kikundi cha wakulima wa mwani Mlingotini, Bagamoyo, kina tovuti ya kupokea oda. Kijana anayeisimamia amechoka kuingia kwenye seva kila anapobadilisha kitu, hivyo ameandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe. Inachukua toleo jipya la tovuti, inaliweka mahali pake, kisha inawasha upya huduma.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuwasha upya huduma. Inabidi atangulize neno 'sudo' na kuandika nywila yake. Hapo amri inatekelezwa kwa mamlaka ya root, akaunti yenye ruhusa ya kufanya chochote.

Sasa shida iko hapa: skripti haina vidole. Ikiulizwa nywila saa nane usiku, inakwama.

Njia ya mkato

Wengi huandika 'NOPASSWD: ALL' kwenye mipangilio ya sudo. Maana yake: fanya lolote, hutaulizwa. Skripti inapita, kila mtu anafurahi. Lakini ni sawa na kumwita fundi wa bomba la jikoni, ukamkabidhi funguo za nyumba nzima mpaka za kabati la fedha.

Iliwahi kutokea

Mwaka 2011, skripti ya kusakinisha Bumblebee, programu ya kompyuta mpakato zenye kadi za Nvidia, ilitakiwa kufuta kitu kimoja kilichomo ndani ya folda ya /usr. Kimakosa, ikaachwa nafasi moja baada ya '/usr'. Kompyuta ikaelewa: futa /usr yote. Humo ndimo zinamokaa programu nyingi za mfumo.

Kwa kuwa skripti iliendeshwa kwa mamlaka ya root, hakuna kilichoizuia. Bila mamlaka hayo, ingejibiwa kwamba haina ruhusa.

Ufanye nini?

• Ipe skripti akaunti yake, isitumie ya kwako.

• Iruhusu amri moja tu. Kwa mfano wetu:
mwani ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart oda.service

• Hariri mipangilio hiyo kwa 'visudo', ambayo hukagua makosa kabla ya kuhifadhi.

• Faili lolote unaloruhusu liendeshwe kwa sudo limilikiwe na root, na wengine wasiweze kulibadilisha. La sivyo, mwizi ataandika yake humo na sudo itamtii.

• Tumia 'sudo -n'. Ruhusa ikikosekana, amri inashindwa palepale badala ya kusubiri nywila.

Seva ya kikundi kama hicho ina majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Fungua mlango mmoja tu, ule wa kazi.