ALIYEKWISHA AMBUKIZWA NAYE AJILINDE

Wako watu miongoni mwetu ambao, wakiisha kuambiwa na daktari kwamba wana virusi vya UKIMWI, hushika maneno ya wahenga: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Husema, "Mimi ninavyo, na mwenzangu anavyo; tujilinde na nini tena?" Ndugu msomaji, fikira hiyo ni ya makosa, tena ina hatari, na yafaa tuelezane sababu zake.

Kwanza tufahamu kuwa virusi hivi si vya namna moja. Wataalamu waliochunguza nasaba yake wameona kwamba ukoo mkubwa ulioenea duniani ulitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kameruni, ukaanza kusambaa kwa watu yapata miaka ya 1920 katika mji wa Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Damu iliyotolewa katika mji huo mwaka 1959, na kipande cha nyama ya mwili kilichohifadhiwa mwaka 1960, vilipopimwa miaka mingi baadaye vilionyesha kwamba virusi vya wakati huo vilikuwa vimekwisha tofautiana sana.

Ukoo huo umegawanyika matawi yaitwayo kwa herufi. Tawi B lilienea zaidi Marekani na Ulaya Magharibi. Tawi C limetawala kusini mwa Afrika. Kenya kuna A kwa wingi, na Uganda A pamoja na D. Tanzania, iliyo katikati ya majirani hao, imepokea yote matatu: A, C na D.

Kisa cha kugawanyika huko ni hiki. Kirusi kina maandishi yake ya urithi, yapata herufi 10,000, ambayo hunakiliwa upya kila kinapozaliana. Na mnakili wake ni mzembe, hasahihishi makosa. Kwa mgonjwa asiyetumia dawa, virusi huzaliwa kwa mabilioni kila siku. Basi hata ndani ya mwili wa mtu mmoja hupatikana virusi vya sura nyingi.

Hata hivyo, mlango wa kutoka mtu hadi mtu ni mwembamba. Mwaka 2008 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa watu 102 waliokuwa wameambukizwa karibuni: kwa watu 78, maradhi yote yalikuwa yameanza na kirusi kimoja tu. Waliosalia waliingiwa na virusi viwili hadi vitano. Vidonda na uvimbe wa magonjwa ya zinaa huupanua mlango huo. Ndiyo maana ye yote mwenye magonjwa hayo apaswa kutibiwa upesi.

Sasa tufikie kiini cha jambo. Mwili ulioingiwa na tawi moja haupati kinga ya kutosha dhidi ya tawi jingine. Mtu aweza kuwa na A leo, kisha akaambukizwa C. Virusi hivyo viwili vikiingia katika chembe moja ya damu, huweza kutoka humo kirusi kilichobeba nakala mbili zisizofanana, moja ya A na moja ya C. Kikiingia chembe nyingine, mnakili hufanya kama karani aliyewekewa barua mbili mezani: aandika mstari wa hii, aruka kwenye ile, kisha arudi. Barua anayoimaliza si ya kwanza wala ya pili, bali ni ya tatu. Hivyo ndivyo wazaliwavyo virusi machotara.

Haya si mambo ya kubuni. Mbeya, mji ulio kwenye njia kuu na reli ya Zambia, kuanzia mwaka 2000 wahudumu wa kike wa baa wapatao 600 walikubali kupimwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Zilionekana A, C na D, na machotara yake kwa wingi. Tena baadhi yao walikuwa na virusi vya namna mbili kwa wakati mmoja. Tusiwanyoshee kidole akina mama hao. Ni wafanyakazi kama sisi, na damu yao imetupa elimu.

Hasara zake ni mbili. Kirusi cha pili chaweza kuwa sugu kwa dawa, na mchanganyiko waweza kukusanya usugu wa virusi viwili ndani ya kimoja. Tena, wingi wa sura ni mojawapo ya sababu kubwa za kushindwa kwa chanjo. Jaribio moja kubwa la Afrika Kusini lilisimamishwa mwaka 2020. Na mwaka 2023 uchanjaji ulisimamishwa katika jaribio jingine lililofanywa Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban, kwa kuwa haukuonekana kuzuia maambukizo.

Lakini hatukuachwa mikono mitupu. Dawa zitolewazo leo, pamoja na ile iitwayo dolutegraviri, hufanya kazi juu ya A, C, D na machotara yake. Mtu azimezaye kila siku hata virusi visionekane tena katika vipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Na kirusi kisichozaliana hakina nafasi ya kuchanganyika. Bali aachaye dawa humpa karani yule kalamu na karatasi.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, ukiwa na virusi meza dawa zako bila kukosa. Nawe na mwenzako mnaoishi navyo, tumieni kondomu mpaka vipimo vyenu vyote wawili viwe safi. Usiwe na virusi, nenda ukapimwe, ujue hali yako. Wahenga hawakusema neno moja tu; walisema pia kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Aliyekwisha umwa mara moja ndiye mwenye haki zaidi ya kutahadhari.