Nimelala Nyumbani kwa Mfumi

Wasomaji wangu, nilipoambiwa nitalala katika nyumba ya mtu nisiyemjua, tena nimlipe, nilisita. Kwetu Amu mgeni hukaribishwa, akanawishwa, akalishwa, na anayemdai kodi husemwa mji mzima. Lakini safari ilikwisha pangwa. Nikapanda gari la moshi Paris katika kituo cha Austerlitz, nikashuka La Souterraine, na hapo nikachukuliwa kwa motokaa mpaka shamba moja karibu na Aubusson, mji mdogo ulio kando ya mto Creuse, katikati ya Ufaransa.

Nyumba ni ya mawe, kuta nene kama zetu. Mwenyeji ni mama wa makamo, mfumi wa mazulia ya kutundika ukutani. Nyumba za namna hii Wafaransa huziita chambres d'hôtes, na sheria yao imeziwekea mpaka: vyumba visizidi 5, wageni wasizidi 15, mwenye nyumba awapokee mwenyewe, na chakula cha asubuhi kiwe ndani ya bei. Huyu ana vyumba 3. Mgeni akisha kunywa kahawa, akipenda huingia chumba cha kufumia akafundishwa.

Usiku wa kwanza nusura niharibu mambo. Chakula cha jioni huliwa meza moja na mwenyeji, wote sahani moja, hakuna kuchagua. Mama akaleta viazi vilivyookwa ndani ya unga wa siagi, vinanukia. Nikauliza mna nini ndani. Mna mafuta ya nguruwe. Nikaweka uma chini. Wageni wenzangu wakanyamaza, nami nikaona haya kama mtoto aliyemwaga mchuzi penye karamu ya watu. Yule mama hakununa wala hakuuliza. Alikwenda jikoni, nikasikia sufuria ikisuguliwa, akarudi na mayai. Kesho yake akapika viazi vilevile kwa malai matupu, akakata kipande cha kwanza akanipa mimi, na chupa ya mvinyo akaisogeza upande wa pili wa meza. Nikajiambia, huyu kodi anatoza, lakini adabu ya mgeni anaijua.

Ama kazi yake, wallahi ni ya subira. Ufumaji wa Aubusson ni wa karne nyingi, na mwaka 2009 Unesco iliutia katika orodha ya urithi wa binadamu. Kitanda cha mfumi kimelala. Nyuzi za mtande zimekazwa, chini yake kumewekwa karatasi ya picha, naye mfumi huinama juu akipitisha sufu za rangi kwa vijiti. Ajabu ni hii: upande anaouona ni wa nyuma! Uso wa zulia hutazama chini, na kulia kwake ni kushoto. Kwa mwezi mzima hupatikana karibu mita moja ya mraba. Kazi kubwa huweza kuchukua mwaka naye akiichungulia kwa kioo tu, mpaka siku ya kuikata ishuke kitandani.

Mimi mtunzi wa mashairi nilikaa pale nikihesabu nyuzi kama nihesabuvyo mizani. Baada ya saa 2 nilikuwa nimefuma upana wa kidole. Mama akaupapasa, akaufumua nusu.

Kwa Kiingereza cha kubahatisha nikamwuliza kwa nini analaza watu. Akasema zulia likiuzwa humlisha miezi, kisha hupita miezi hakuna mnunuzi. Vyumba ndivyo vinavyolipia sufu. Wametokea watu kutaka kuinunua nyumba iwe yao ya kiangazi. Amekataa.

Hapo nikanyamaza mimi. Amu yetu, ambayo Unesco iliitambua mwaka 2001, nyumba zake nyingi za mawe zimenunuliwa na watu wa Ulaya, zikawa za kulaza watalii, na wenyewe wakahamia pembeni. Nami simo nje ya jambo hilo. Marehemu shangazi yangu alishona kofia maisha yake yote ukumbini mwa nyumba yake. Alipofariki tulirithi, tukauza, tukagawana. Siku moja nilipita mlangoni nikaona ndani kofia moja imetiwa katika kioo, imetundikwa ukutani.

Nilimsimulia yule mama. Akaniuliza ni nani anayeshona mle sasa.

Nikamwambia hakuna. Akanisogezea kiti, akawasha taa, tukafuma mpaka ukaingia wakati wa Adhuhuri.