Kabla ya Kutuma Depoziti: Jinsi ya Kuchagua Watoa Huduma wa Harusi Yako

Ukishatangaza tarehe ya harusi, simu haikai kimya tena. Shangazi anauliza rangi ya sare, kamati imefungua kikundi cha WhatsApp, na kabla ya wiki kuisha mtu wa mapambo ashakutumia picha ishirini na ujumbe: "Lipa leo nikuwekee tarehe, kuna mwingine anaitaka." Hapo ndipo wengi hushika simu na kutuma pesa.

Tunakuomba usubiri kidogo. Kazi yetu ni malipo, na kuna jambo moja tungependa kila anayepanga harusi alielewe mapema. Ukituma pesa kwa mtu uliyemkusudia, pesa hiyo imekwenda. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya nambari iliyokosewa. Mpishi akileta pilau ya watu 100 badala ya 200, nambari haikukosewa, na hakuna kitufe cha kubonyeza ili pesa irudi. Kinga yako iko kwa yale unayofanya kabla ya kuweka PIN: umemchagua nani, mmeandikiana nini, na utamlipa kwa awamu gani.

Tarehe kwanza, keki baadaye

Kabla ya kumlipa yeyote, hakikisha tarehe yenyewe inawezekana. Kama mnafunga ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mtoe notisi ya angalau siku 21. Kama ni kanisani au msikitini, ongea na padri, mchungaji au kadhi wenu mapema, manake kila mahali pana taratibu zake za matangazo na mafunzo. Usilipie ukumbi wa Jumamosi ambayo mchungaji wako atakuwa safarini.

Angalia pia msimu. Agosti na Desemba shule zimefungwa, ndugu wako nyumbani, na kila mtu anataka hema zilezile. Ukichagua miezi hiyo, anza kutafuta mapema na usitarajie kupunguziwa bei sana. Ukichagua Aprili au Novemba, panga ukijua mvua inaweza kunyesha. Uliza kama uwanja unatuama maji, na kama magari yatatoka bila kusukumwa.

Tarehe ikisimama, fuata mpangilio huu: ukumbi, chakula, picha, halafu wengine. Ukumbi ndio unaoamua mengi. Bustani ya Karen au Limuru itahitaji hema, viti, vyoo vya ziada na labda jenereta. Ukumbi wa hoteli kule Mombasa huenda una vyote hivyo, lakini ukakukataza kuleta mpishi wako. Ukimlipa mpishi kabla ya kujua hilo, umelipa mara mbili.

Maswali ya kumuuliza kila mmoja

Picha za Instagram huonyesha siku bora za mtu, na nyingine hata si zake. Uliza maswali ambayo aliyefanya kazi hii kweli atayajibu bila kusitasita.

Kwa mpiga picha: Ni wewe mwenyewe utakayekuja, ama utatuma mtu? Tunaweza kuona harusi moja nzima, kuanzia asubuhi hadi jioni? Picha tutazipata baada ya wiki ngapi?

Kwa mpishi: Tunaweza kuonja? Sahani moja ina nini hasa, na nyama ni vipande vingapi? Sahani, vijiko na maji ya kunawa viko ndani ya bei? Na usisahau kuhesabu chakula cha wafanyakazi. MC, DJ, wapiga picha, madereva na watu wa mapambo wanaweza kufika 15 au zaidi, na wote watakula.

Kwa mtu wa mapambo na hema: Mtaanza kufunga saa ngapi? Usafiri umo ndani ya bei? Stima ikipotea, jenereta ni ya nani na mafuta ni ya nani?

Kwa MC na DJ: Mmeshawahi kufanya harusi ya wazee na watoto pamoja? Mnaelewa lugha za pande zote mbili? MC anayechekesha klabu usiku wa Ijumaa anaweza kuwaaibisha wakwe mchana wa Jumamosi.

Kisha fanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi: muulize ana kazi wapi Jumamosi ijayo, na kama unaweza kupita kwa dakika kumi wakiwa wanafunga hema. Huhitaji kuingia kwenye sherehe ya watu. Utaona kama walifika kwa wakati, kama vitambaa ni safi, na jinsi wanavyoongea na vijana wao wa kazi. Dakika hizo kumi zitakuambia mengi kuliko ukurasa mzima wa picha.

Jina kwenye simu liwe jina kwenye karatasi

Mkikubaliana bei, iandikwe. Si lazima iwe karatasi ya wakili. Kurasa mbili zinatosha, mradi ziwe na majina kamili, tarehe, mahali, saa, idadi ya watu, vitu vyote vinavyoletwa, bei, awamu za malipo, na yatakayotokea mkiahirisha au yeye akishindwa kuja. Mwaka 2020, mikusanyiko ilipozuiwa kwa sababu ya korona, maharusi wengi walilazimika kuahirisha, na waliokuwa na kipengele cha kuahirisha walikuwa na pa kuanzia mazungumzo.

Sasa tuje kwa malipo yenyewe:

1. Lipa kwa till au paybill ya biashara, si kwa laini ya binafsi, kadiri inavyowezekana. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukubali. Kama mkataba una jina la kampuni na simu inaonyesha jina la mtu usiyemjua, simama uulize. Huenda kuna maelezo mazuri. Yapate kabla ya kutuma, si baadaye.

2. Gawanya malipo kwa awamu. Tuseme mpishi anawalisha watu 200 kwa shilingi 1,200 kila mmoja. Jumla ni 240,000. Mnaweza kukubaliana asilimia 30 ya kushika tarehe, yaani 72,000. Asilimia 50 wiki mbili kabla ya harusi ili anunue vyakula, yaani 120,000. Na 48,000 zilizobaki siku yenyewe, chakula kikishafika. Ni haki mpishi apate pesa ya soko kabla. Ni haki pia wewe ubaki na kitu mkononi hadi sufuria zifike.

3. Tunza kila ujumbe wa malipo. Usiufute ili kupata nafasi ya meme. Mwombe pia risiti inayotaja tarehe ya harusi na salio lililobaki.

4. Anayekuharakisha, mpunguzie kasi. Mtoa huduma mzuri anaweza kweli kuwa na wateja wawili wa siku moja. Lakini atakupa hata siku mbili za kusoma mkataba. Anayekataa kuandika chochote na anataka pesa yote usiku huu, mwache huyo mwingine amchukue.

Pesa ya kamati ni pesa ya watu

Harusi nyingi kwetu huchangiwa. Kuna kamati, kuna mwekahazina, na kuna ndugu aliyetuma 500 akitamani ingekuwa 5,000. Pesa hizo zikikaa kwa laini ya mtu mmoja, zinachanganyika na nauli na unga wa nyumbani kwake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Kuna tatizo lingine ambalo wengi hukutana nalo wakiwa wamechelewa. Akaunti ya kawaida ya M-Pesa haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000. Muamala mmoja hauzidi 250,000, na kwa siku huwezi kupitisha zaidi ya 500,000. Laini ya mwekahazina ikijaa, michango mipya haiingii. Na mkiweka salio za ukumbi, hema, mpishi na magari zote zilipwe Jumamosi asubuhi, mwekahazina anaweza kugonga kiwango cha siku huku mwenye hema amekunja mikono.

Dawa yake ni rahisi. Tumieni akaunti ya kikundi au paybill iliyounganishwa na akaunti ya benki, yenye waidhinishaji wawili au watatu, mmoja kutoka kila upande. Salio kubwa zilipwe katikati ya wiki, mkibakiza zile ndogo za siku yenyewe. Na kila Jumapili jioni, mwekahazina aweke kwenye kikundi mistari mitatu tu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Watu huchangia tena wakiona hesabu.

Na mambo yakiharibika?

Kwanza ongeeni, kisha andika. Tuma ujumbe unaotaja mlichokubaliana, ulicholipa na unachodai, na umpe siku za kujibu. Akinyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Utakachobeba siku hiyo ni mkataba wako wa kurasa mbili na jumbe zako za malipo. Bila hivyo, ni neno lako dhidi ya lake.

Tunajua kuuliza maswali haya yote kunaweza kuonekana kama kukosa imani na watu, hasa mpishi akiwa rafiki ya mama. Lakini rafiki ya mama naye analindwa na karatasi hiyohiyo. Hatadaiwa sahani ambazo hakuahidi, na hatasumbuka kutafuta salio lake maharusi wakiwa fungate. Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kutuma depoziti ya kwanza, kaeni wawili mwandike orodha ya watoa huduma, bei za kila mmoja na awamu za kulipa. Mkimaliza, mpigie yule wa mapambo. Muulize ana kazi wapi Jumamosi.