Milingoti 21 kwa bei ya lori moja

Mgodi wa shaba wa Kinsevere uko kilomita 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, na hakuna kimbunga cha baharini kitakachofika huko kikiwa na nguvu zake. Shaba yake ndiyo inayokifuata kilipo. Mtambo wa mgodi huo wa kampuni ya MMG una uwezo wa kutoa tani 80,000 za mabamba ya katodi kwa mwaka. Lori likibeba tani 30, hizo ni safari 2,667, yaani malori 7 na kidogo kila siku. Tani ikiwa dola 9,000, lori moja limebeba mali ya dola 270,000. Njia ikifungwa wiki moja, malori 51 na dola milioni 13.8 vimelala barabarani.

Shaba ya Katanga hutokea Dar es Salaam, Durban na Beira. Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira. Watu zaidi ya 600 walikufa Msumbiji peke yake, na barabara ya N6 inayotoka bandarini kwenda Zimbabwe ilikatika. Mei 2024 kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu, kiliacha mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi huko Somanga.

Baada ya dhoruba kama hizo mhandisi huuliza swali moja: upepo ulivuma kwa kasi gani pale pale lilipoanguka ghala? Nguvu ya upepo juu ya ukuta hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukidhani ni mita 40 kwa sekunde kumbe zilikuwa 50, umekosea mzigo kwa asilimia 56. Crane ya bandari haivumilii makisio ya namna hiyo.

Rada ya kudumu haimsaidii mhandisi huyo sana. Kwa umbali wa kilomita 100, mwale wake ulioinuliwa nusu digrii huwa umefika karibu kilomita 1.5 juu ya ardhi, kwa kuinuka kwake na kwa kuwa dunia yenyewe imepinda. Inaona mawingu, haioni mapaa. Ndiyo maana Wamarekani hubeba rada juu ya malori: Doppler on Wheels iliingia katika kimbunga chake cha kwanza, Fran, mwaka 1996. Kwa umbali wa kilomita 15, mwale uleule uko mita 150 tu juu. Chuo Kikuu cha Texas Tech nacho kina StickNet, vituo vidogo vya miguu mitatu ambavyo watu wawili huvisimamisha kwa dakika chache. Kimbunga Ike kilipokuja mwaka 2008, walitega zaidi ya ishirini.

Ugumu ni kujua pa kuvitega. Saa 48 kabla, utabiri wa njia ya kimbunga Atlantiki hukosea kwa wastani wa kilomita 100 hivi. Basi weka mstari wa kilomita 200 pwani, mlingoti mmoja wa namna hiyo kila kilomita 10: jumla 21. Upepo unaomzuia dereva kuendesha salama unaweza kutangulia jicho la kimbunga kwa kilomita 200. Kimbunga kikitembea kilomita 20 kwa saa, kila mtu awe ameondoka saa 10 kabla. Ukuta wa jicho wenye upana wa kilomita 30 utapita juu ya mlingoti kwa saa moja na nusu. Kazi yote ya siku mbili ni kwa ajili ya dakika 90 hizo. Saa za vituo nazo lazima zilingane kwa GPS, maana dharuba ya mita 50 kwa sekunde husogea mita 50 saa ikikosea sekunde moja.

Bei sasa. Tukadirie dola 10,000 kwa mlingoti pamoja na kipima upepo, barometa, kinasa data na betri; makadirio yangu ni ya ukarimu. Milingoti 21 ni dola 210,000, chini ya mzigo wa lori moja la shaba. Rada ya lori nimeiacha nje, hiyo ina daftari lake.

Lakini pwani ya Msumbiji ina urefu wa kilomita 2,470 hivi. Anayeijua foleni ya mpakani Kasumbalesa haelezwi kwamba mlingoti unaosubiri forodha hautafika ndani ya saa 48. Vifaa viwe vimeshawekwa, tuseme, Pemba, Nacala, Quelimane, Beira na Inhambane: milingoti 105, dola milioni 1.05, sawa na malori manne. Ghali zaidi ni watu. Vikosi vinne kwa kila mji, wawili wawili, ni watu 40 wa kuzoezwa kila Oktoba kabla ya msimu, wenye tanki lililojaa mafuta na ruhusa ya polisi mkononi, na mmoja wao mwenye mamlaka ya kusema kwa redio: acheni hapo, geuzeni gari. Huyo hulipwa hata mwaka ambao hakuna kimbunga kinachotua, na hapo ndipo wafadhili huanza kuuliza maswali.