Sindano Iponyayo na Sindano Iuayo

Kila asubuhi, katika dispensari za Kolwezi na za vijiji vya wachimbaji wa shaba, twaona akina mama wameketi juu ya benchi, watoto wenye homa wamelala mapajani. Wakipewa vidonge, wengine hurudi nyumbani wakinung'unika. Mtoto akichomwa sindano, huona ametibiwa kweli. Imani hiyo ina sababu, kwa maana sindano imeokoa watu wengi. Lakini dawa njema yaweza kugeuka sumu kwa kosa dogo la mkono.

Nchi yetu ilijifunza somo hilo kwa machozi. Mwaka 1976, katika misioni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, mwalimu mmoja wa shule ya misioni alishikwa na homa. Tarehe 26 Agosti alichomwa sindano ya klorokwini, kwa kudhaniwa kuwa ana malaria. Baada ya siku chache homa ilirudi kwa ukali, naye akafa. Yeye ndiye mgonjwa wa kwanza aliyejulikana huko Yambuku wa maradhi ambayo baadaye yaliitwa ebola. Katika hospitali ile sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima, na baina ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa katika maji ya vuguvugu. Watu 318 waliugua, wakafa 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, na masista nao walikuwa miongoni mwa marehemu. Hao hawakuwa watu wabaya. Walitumika kwa moyo wote. Lakini upendo peke yake hausafishi sindano.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani tu. Mwezi wa Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele, Sudani Kusini, watoto 15 walio chini ya miaka mitano walikufa baada ya kuchanjwa surua. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Wachanjaji hawakufundishwa, bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumika kwa chupa nyingi siku nne nzima, na chanjo ilikaa nje ya baridi.

Je, jambo hili hutokeaje? Chupa ndogo ya dawa hufungwa kwa kizibo cha mpira, na ndani yake hamna kijidudu hata kimoja. Sindano iliyokwisha kumchoma mtu ikitiwa tena humo, huacha damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Damu hiyo yaweza kuchukua homa ya ini au UKIMWI, na kila atakayechomwa kutoka chupa ile yumo hatarini. Dawa nyingine zimetiwa kitu cha kuzuia vijidudu, bali hakitoshi kuua virusi. Nyingine hazina kinga yo yote. Artesunate, dawa ya malaria kali, ikiisha kuchanganywa yapasa itumike katika saa moja. Chanjo ya surua katika saa sita. Ikibaki, imwagwe. Kumwaga dawa ya fedha nyingi kwauma, lakini kaburi la mtoto lauma zaidi.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, tusidai sindano pale vidonge vinapotosha. Pili, tusikubali kuchomwa na mtu apitaye nyumba kwa nyumba na mfuko wa dawa. Tatu, tuangalie: sindano na bomba vitolewe katika karatasi yake mbele yetu, kizibo kipanguswe kwa alkoholi, sindano isiachwe imesimama chupani, na ikiisha kutumika itupwe katika sanduku lake. Wala tusiwanyime watoto chanjo kwa hofu, maana surua nayo yaua.

Wengi huona haya kumwuliza mganga. Lakini mama anaweza kusema kwa adabu, "Tafadhali, baba, fungua sindano mpya, nami nione." Mganga mwema hatakasirika, kwa kuwa swali hilo lamlinda yeye pia. Nanyi wanafunzi mnaojua kusoma, wasomeeni wazee wenu tarehe iliyoandikwa juu ya chupa. Jambo dogo hilo laweza kuokoa nyumba nzima.