Chuma cha Dogo: Kigari Gani Kinatoboa Nyasura?

Oya mwanangu, habari zimefika. Shem ana tumbo la miezi saba, na wewe umeacha kubeti, unashinda Insta unazuzukia vigari vya watoto vilivyopigwa picha kwenye vigae vya Masaki. Usibishe. Ulimwonyesha kinyozi, na kinyozi hana koki.

Hongera kwanza. Halafu tulia. Hapa ni Nyasura, Bunda. Vigae unavyovijua wewe viko benki, na pale hata kofia unavuliwa mlangoni.

Stroller inaanzia chini, kwenye matairi. Washamba wote wanaanzia juu: rangi, kitambaa, kishikio cha kikombe cha kahawa. Kahawa gani? Wewe chai ya rangi unainywea kwenye benchi la mama ntilie. Acha juu. Inama, angalia tairi.

Lami tunayo, ile ya Mwanza kwenda Musoma. Ila ile ni ya mabasi yanayokimbizana na Cruiser za watalii wanaowahi nyumbu Serengeti. Mtoi hana bizinesi kule. Maisha yake yako huku ndani kitaani. Vumbi. Kokoto. Mtaro uliochimbwa na mvua bila tenda. Mawe ya ukoo mmoja na yale ya Balili, yalikuwepo kabla ya babu yako na hayana mpango wa kuhama. Masika yakishika, ukishuka upande wa mbugani, udongo mweusi unameza tairi mpaka ekseli.

Sasa wewe unaniletea kigari chenye vijitairi vya plastiki, viwiliviwili kila mguu, vidogo kuliko kisosi. Hiyo ni Vitz, tena Vitz iliyoshushwa. Ni ya mall. Nyasura mall iko wapi? Nionyeshe, niende nikale AC.

Unachotaka ni tairi kubwa. Vile vya miguu mitatu, wenyewe wanavisukuma wakikimbia asubuhi kupunguza vitambi, ndiyo Cruiser yenyewe. Tairi la mbele liwe na kitasa cha kulifunga lisizunguke. Ukiliacha linazunguka kwenye kokoto, linageuka lenyewe na kukupeleka linakotaka. Yakiwa ya upepo, ni unyama mwingi: hayamtikisi dogo, na pancha unapeleka kwa fundi baiskeli, inazibwa kwa solusheni ileile na kiraka kilekile. Fundi atakuuliza swali moja tu: "Hiki kinabeba ndoo ngapi?" Zoea. Swali hili litakufuata mpaka dogo aanze chekechea.

Hutaki pancha? Yapo ya povu gumu, hayajazwi kitu. Yanatikisa kidogo, lakini miba haiyawezi. Kwa huku kwetu mimi ningechukua povu, na sitaki mjadala.

Twende kwenye mkwanja, maana hapo ndipo watu wanapolia.

Kuna Kariakoo. Una mshikaji yuko Dar, unamtumia hela, naye anakabidhiwa kwa winga. Winga hana duka, hana mzigo, ana mdomo. Kabla ya kutaja bei anakuangalia viatu. Ukiwa umevaa raba kali, umekwisha: kigari cha laki na nusu kinapanda mpaka laki tatu, na sababu anayo, "hiki cha Ulaya, broo", huku boksi limeandikwa Kichina kuanzia kona hadi kona. Mchina siyo mbaya. Mbaya ni kulipa nauli ya Ulaya kwa mzigo wa Mchina. Piga ua, mtumie mshikaji mwenye ndala.

Kuna wanaovuka Sirari, wanachukua Nairobi, wanarudi na kigari pamoja na mdomo mpya. Jana alikuwa anasema "vipi", leo "form ni gani". Kigari kimevuka mpaka, na bei nayo imevuka, imejaziwa nauli, usumbufu na Sheng. Piga hesabu kwa shilingi zetu kabla hujachekelea.

Halafu kuna mtumba. Hapa naweka nguvu zangu zote. Mzungu anamsukuma mtoto miaka miwili, anachoka, anatupa. Fremu bado kali kinoma, kuliko vingi vipya vya hela hiyohiyo. Ila mtumba haununuliwi kwa macho. Kifungue, kikunje, kifungue tena. Weka breki halafu kisukume kwa nguvu. Kikitembea, kiache hapohapo. Mkanda uwe wa pointi tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni peke yake ni urembo, dogo anateleza anatokea chini.

Na bawaba. Kagua bawaba. Mwaka 2009 Maclaren, jina zito kabisa la Uingereza kwenye hizi mambo, walilazimika kufanya recall Marekani ya karibu vigari milioni moja. Bawaba za pembeni zilikuwa zinanasa vidole vya watoto wakati mzazi anafungua, na ripoti zilikuwa 12 za ncha za vidole kukatwa. Dawa yake ilikuwa kuvipa vifuniko vya kuziba hizo bawaba. Kwa hiyo ukikutana na Maclaren ya zamani kwenye mtumba, usianze kupagawa na jina. Tafuta vifuniko. Havipo? Rudisha, nenda kanywe soda.

Kingine ambacho hawakuambii Insta: dogo mchanga hana shingo. Anayo, ila haifanyi kazi bado. Kiti cha kukaa wima ni cha mtoto aliyeshaweza kukaa mwenyewe, kama miezi sita hivi. Kabla ya hapo kiti kilale flat kabisa. Kisipolala, utakuwa umenunua pambo, utalitazama sebuleni nusu mwaka huku mjomba akiliwekea jicho la ndoo.

Nikupe na stori kidogo, ili kijiweni usionekane mtupu. Hivi vitu vilianza kama utani wa matajiri. Mwaka 1733 huko Uingereza, Duke wa Devonshire alimwomba William Kent, msanifu wa bustani, awatengenezee watoto wake kigari. Kent akaunda kitu chenye umbo la kombe, kinachovutwa na mbuzi au farasi mdogo. Mbuzi, mwanangu! Mbuzi Nyasura wamejaa, shida ni kwamba wetu angemaliza kofia ya dogo kabla ya kukata kona ya kwanza.

Mwamba wa kweli ni Owen Maclaren. Huyu alikuwa injinia wa ndege, alishiriki kuchora miguu ya kutulia ya Spitfire, ile ndege ya vita. Binti yake akaja kumsalimia kutoka Moscow, anahangaika na kigari kizito na mtoto juu. Mzee akaona huu ni upuuzi. Akachukua aluminiamu, akaunda kigari kinachokunjika kama mwavuli, kina uzito chini ya kilo tatu. Hataza akaiomba 1965, sokoni kikaingia 1967. Huyo ndiye mzee pekee ninayemheshimu kwenye makala hii.

Kwa nini nakwambia? Kwa sababu ya boda. Huku safari ya kwenda kliniki ni boda, na boda haina buti. Kigari chako kikikunjika kwa mkono mmoja, bodaboda anakilaza mbele yake juu ya tangi na maisha yanaendelea. Kikihitaji watu wawili, spana na maombi, kitabaki nyumbani. Sasa hapa kuna kesi ngumu: ile Cruiser ya miguu mitatu niliyokusifia ni zigo. Tairi zichomoke, la sivyo ulipie bajaji. Mimi nasema lipia bajaji. Shem ana mtoto mchanga, unambananisha na dereva na bomba za aluminiamu kwa sababu ya buku? Acha ubahili wa kishamba.

Wazee sasa. Kaa mkao wa kucheka.

Bibi anasema kununua vitu kabla mtoto hajazaliwa ni uchuro. Bibi huyohuyo jina la mtoto alishachagua mimba ikiwa na wiki mbili, na ni jina la marehemu. Dingi naye: "Sisi tulikua bila hivyo vigari." Ni kweli, dingi. Mlikua bila umeme pia, mbona simu unakuja kuchajia kwangu? Mama mkwe anasema mtoto wa kwenye kigari hatamjua mama yake. Atamjua tu, maziwa hayatoki kwenye breki. Mjomba hana nadharia. Mjomba ana ndoo.

Bibi ana hoja moja imepenya: "Mbeleko ipo, hela unapoteza ya nini?" Na hapa kuna kitu kinauma. Miaka ya 1960 kuna nesi Mmarekani, Ann Moore, alikuwa Togo na Peace Corps. Akaona mama wa kule anambeba mtoto mgongoni kwa kitambaa, mtoto ametulia, mama yuko sokoni anakula dili zake. Aliporudi Marekani na kupata mtoto akajaribu, ikamshinda, inaanguka. Mama yake mzazi akamshonea kitu chenye mikanda. Hataza wakaipata 1969, biashara wakaiita Snugli, ikapiga hela. Yaani mgongo wa mama wa Togo ukauzwa dukani ukiwa na lebo. Leo shosti wa Masaki anainunua ile kitu kwa bei ya mbuzi wawili, na kanga ameifanya pazia.

Kwa hiyo ndiyo, mbeleko inapita kila mahali. Mtaro inaruka, tope inavuka, pancha haijui, na dogo akipanua miguu mgongoni nyonga zake zinakaa vizuri. Bibi kapata jibu. Ila hajaonyesha njia, na kwenye hesabu usipoonyesha njia unapewa sifuri. Chukua mbeleko, chukua na kigari. Kimoja cha njia mbovu, kingine cha mgongo wa shem upumzike.

Aibu nazo nikutajie, nisije kukukana mtaani. Nailoni ya kiwandani kwenye kiti: toa! Naona watu wanaiacha kigari kisichafuke, dogo anatokota humo. Mfuko wa sokoni kwenye mpini: viazi kilo tano vinakivuta nyuma, dogo anaangalia mbingu. Kufunika kigari chote na kanga eti jua: gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilijaribu mwaka 2014. Ndani ya kigari kulikuwa na nyuzi 22, wakakifunika kwa kitambaa chepesi, nusu saa ikawa 34, saa nzima 37. Hiyo ni Sweden, wenye barafu. Wewe unafunika Bunda saa saba mchana! Kivuli kinatoka juu, kwenye kofia ya kigari, na pembeni hewa ipite.

Aibu kubwa kuliko zote ni kwenda kununua stroller ukarudi na walker. Ile ya duara, dogo anatumbukizwa katikati anakimbia nayo sebuleni. Siyo kitu kimoja. Kanada waliipiga marufuku mwaka 2004, na hata kuiuza ya mtumba ni kosa, kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka nayo ngazini. Nyumba yako haina ngazi? Ina kizingiti, ina jiko la mkaa. Inatosha.

Tumalizie na nani anasukuma. Wewe. Ndiyo, wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, mapacha 100, na baba siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Mechi ya ugenini tu inakula muda huo. Na kama unaendesha boda au umepanga viatu barabarani, hata hizo tatu unajipa mwenyewe. Kwa hiyo jioni ni yako. Kabla hujanunua, simama nyuma ya kigari, shika mpini. Ukilazimika kuinama, ni kifupi, tafuta chenye mpini unaopanda. Mwanaume anayesukuma kigari amejikunja ndiye anayechekwa. Aliyenyooka, mkono mmoja mpinini, miwani usoni, huyo anaulizwa bei.

Kijiweni watapiga kelele, lazima. Hao hao wiki ijayo watakuomba wapige nacho picha waweke status, mmoja atasema anamfanyia surprise demu wake. Picha buku. Kusukuma mpaka kona jero zaidi. Ndoo haipandi.