Kumarini: dawa au sumu?

Ukikata majani ya malisho ukayaanika juani, mengine hutoa harufu tamu yanapoanza kukauka. Katika aina kadhaa za majani, harufu hiyo hutokana na kitu kinachoitwa kumarini. Kumarini imo pia katika mdalasini, hasa ule unaoitwa kasia. Tena ina ndugu wengi. Wengine wamo katika maganda ya ndimu, wengine katika utomvu wa miti, na wengine hutengenezwa na vijidudu vya udongoni. Wote wana msingi mmoja, kama nyumba zilizojengwa juu ya msingi wa namna moja lakini kuta na paa ni tofauti. Kwa hiyo wataalamu husema "ukoo wa kumarini".

Siku hizi wataalamu wa nchi nyingi wanauchunguza ukoo huu. Wanatafuta humo dawa za kuua vijidudu vya magonjwa na dawa za kansa. Mtu akisikia habari hiyo redioni, au akisomewa kwenye simu, ni rahisi kusema: "Basi! Dawa ya kansa ipo kwenye majani, hospitali ya nini?" Hapo ndipo hatari ilipo. Hebu tuone mambo yalivyokwenda hasa.

NG'OMBE WALIOTOKA DAMU

Miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walipatwa na msiba. Ng'ombe wao walitokwa na damu hadi kufa. Mfugaji akimkata ng'ombe pembe, damu haikomi. Akimhasi dume, asubuhi anamkuta amekufa. Daktari wa mifugo wa Kanada, Frank Schofield, aliona kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu. Waliokula klova nzuri isiyo na ukungu hawakudhurika.

Mwezi wa Februari 1933 mfugaji mmoja wa jimbo la Wisconsin alisafiri kwa gari karibu kilomita 300 katika theluji. Alichukua mtamba aliyekufa, majani mabovu, na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Alifika kwenye maabara ya mtaalamu Karl Link. Link na wenzake walifanya kazi miaka sita. Mwaka 1939 wakakipata kitu chenyewe. Ukungu ulikuwa umeigeuza kumarini ya majani kuwa kitu kingine, dikumaroli. Dikumaroli huizuia vitamini K isifanye kazi yake, na bila vitamini K ini haliwezi kutengeneza vitu vya kugandisha damu.

Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya binadamu, kwa kipimo kidogo, kwa watu ambao damu yao huganda mahali pasipotakiwa. Hadi leo wagonjwa wengi waliowekewa vali za bandia katika moyo huimeza kila siku.

Angalia jambo moja hapa. Kumarini yenyewe, ile ya harufu tamu, haizuii damu kuganda. Ilipobadilika umbo kidogo tu ikawa sumu ya kuua ng'ombe. Kwa hiyo anayesema "mmea huu una kumarini" bado hajasema kama mmea huo unaponya au unaua.

KUUA VIJIDUDU

Kati ya miaka ya 1950 na 1956 hivi, wataalamu walikuwa wakichambua udongo wa kila mahali kutafuta dawa. Vijidudu vya udongoni hupigana wao kwa wao, na silaha zao tunaweza kuziazima. Katika kijidudu kimoja wakapata dawa iliyoitwa novobiosini. Umbo lake lina msingi wa kumarini.

Inauaje? Ndani ya kila kijidudu mna uzi mrefu sana ulio mwembamba, wenye maagizo yote ya uhai wake. Kijidudu kinapotaka kuzaa, lazima uzi huo ufunguliwe na kunakiliwa. Ukiwahi kufungua kamba iliyosokotwa unajua: ukivuta huku, kule inazidi kujisokota. Kijidudu kina kifaa chake cha kuulegeza uzi. Novobiosini hukikamata kifaa hicho. Uzi haufunguki, kijidudu hakizai.

Dawa hiyo ilitumika kwa watu, hasa kwa vijidudu vya majipu na vidonda ambavyo penisilini ilikuwa imeshindwa kuviua. Lakini vijidudu vilijifunza upesi kuihimili. Tena ilileta vipele kwa wagonjwa wengi, na watoto wachanga iliwaletea macho na ngozi ya manjano. Zilipopatikana dawa nyingine zilizo salama zaidi, ikawekwa kando. Katika baadhi ya nchi imebaki kuwa dawa ya kiwele cha ng'ombe.

Hata hivyo hadithi yake haikuishia zizini. Mwaka 2021 wataalamu wa taasisi ya kansa ya Dana-Farber, mjini Boston, Marekani, walitangaza kwamba novobiosini iliua chembe za kansa za namna fulani, zile ambazo zimepoteza uwezo wa kurekebisha uzi wao wa maagizo kwa njia ya kawaida. Waliona hivyo katika maabara na katika panya. Baada ya hapo wakaanza kazi ya kuijaribu kwa wagonjwa. Hivyo dawa iliyowekwa kando imeitwa tena kazini, lakini kwa kazi nyingine.

NDIMU NA JUA

Huenda wewe mwenyewe umekwisha kuona kazi ya ukoo huu. Mtu akikamua ndimu nyingi, kisha akakaa kwenye jua kali bila kunawa mikono, kesho yake au siku ya pili ngozi inaweza kuwasha na kutoa malengelenge. Baadaye hubaki madoa meusi kwa wiki nyingi. Wengine husema amerogwa. Hakurogwa. Katika ganda la ndimu mna ndugu wa kumarini wanaoitwa psoraleni. Gizani hawana neno. Wakipigwa na jua hujifunga katika ule uzi wa maagizo ndani ya chembe za ngozi, na chembe hizo huharibika.

Watu wa Misri waliyajua mambo haya zamani kwa njia yao. Mmea mmoja wa Bonde la Nile wenye psoraleni ulitumiwa kutibu mbalanga: mgonjwa alitumia mbegu zake, kisha akakaa juani ili rangi ya ngozi irudi. Miaka ya 1940 wataalamu wa Misri walikitoa kiini chenyewe katika mbegu hizo, ikawa dawa ya hospitali.

Kutoka hapo tukafika kwenye kansa, na hapa pana mafanikio ya kweli. Ipo kansa ya chembe nyeupe za damu ambayo hujionyesha kwenye ngozi. Mwaka 1987 daktari Richard Edelson wa Marekani na wenzake walieleza namna mpya ya kuitibu. Mgonjwa alimeza dawa ya psoraleni. Kisha sehemu ya damu yake ilitolewa, chembe zake nyeupe zikamulikwa kwa taa maalumu, zikarudishwa mwilini. Kati ya wagonjwa 37 ambao matibabu mengine yalikuwa yamewashinda, 27 walipata nafuu. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliikubali njia hiyo, na bado inatumika.

Lakini dawa hiyo hiyo ina upande wa pili. Wagonjwa wa ngozi wa Marekani waliomulikwa mara nyingi baada ya kumeza psoraleni, na ambao walifuatiliwa tangu miaka ya 1970, walionekana kupata kansa ya ngozi zaidi kuliko watu wengine. Kinachoharibu uzi wa chembe mbaya kinaweza kuharibu uzi wa chembe nzuri pia. Ndiyo maana taa hizo huwashwa kwa kipimo, na daktari huandika kila mara.

MKONO ULIOVIMBA

Kwangu mimi, hadithi hii ndiyo inayofundisha zaidi. Mwanamke aliyetibiwa kansa ya titi huweza kuvimba mkono, kwa sababu njia za maji ya mwili kwapani zimekatwa au zimeungua kwa mionzi. Mkono huwa mzito, kazi za nyumbani na shambani zinakuwa taabu. Mwaka 1993 wataalamu wa Australia waliandika kwamba kumarini yenyewe inapunguza uvimbe huo. Watu walifurahi, na ni haki yao kufurahi.

Wataalamu wa Marekani wakasema: tujaribu tena kwa uangalifu. Walichukua wanawake 140. Kila mmoja alimeza kumarini kwa miezi sita, na kwa miezi sita mingine akameza kidonge kisicho na dawa, bila kujua ni wakati gani anameza kipi. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Kumarini haikufanya lolote kuzidi kidonge kitupu. Zaidi ya hayo, katika kila wanawake 100 kama sita hivi walionyesha dalili za ini kudhurika.

Utauliza: kwa nini kidonge kitupu? Kwa sababu mgonjwa akipewa dawa anapata moyo, na siku nyingine uvimbe hushuka wenyewe. Usipokuwa na cha kulinganisha nacho, utaisifu dawa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Kansa ya figo nayo ilijaribiwa kumarini miaka ya 1980, pamoja na dawa nyingine ya tumbo. Mwanzoni baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Majaribio yaliyofuata hayakuridhisha, na kumarini haikuingizwa katika dawa za kawaida za kansa.

MTI ULIOKATWA

Mwaka 1987 watafiti waliotumwa na Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani walikusanya majani na matawi katika misitu ya Sarawak, katika kisiwa cha Borneo. Baadaye, maabara ikaona kwamba mti mmoja una kitu cha ukoo wa kumarini kinachozuia virusi vya ukimwi visizaliane. Kikaitwa kalanolaidi A. Watu wakarudi mbio Sarawak. Mti wenyewe ulikuwa umekwisha kukatwa! Miti mingine iliyofanana nao haikuwa na kitu hicho, au ilikuwa nacho kidogo. Kwa bahati kikapatikana katika miti iliyopandwa kwenye bustani ya mimea ya Singapore.

Mwaka 2004 ikaandikwa pia kwamba kitu hicho huzuia vijidudu vya kifua kikuu katika maabara. Kalanolaidi ilijaribiwa kwa watu wachache. Hadi leo haijawa dawa ya kupewa wagonjwa.

Wenzetu wa pwani wanamjua ndugu wa mti huo. Ni mtondoo, ule ambao tondoo zake hukamuliwa mafuta. Nao una vitu vya ukoo wa kumarini. Lakini hakuna mgonjwa wa ukimwi anayepaswa kuacha vidonge vyake akachemsha magome ya mtondoo. Katika maabara kitu kimoja hutolewa kikiwa safi, kikapimwa, kikatiwa juu ya chembe zilizomo kwenye chupa. Sufuria ya magome ina vitu mamia, na hakuna anayejua kipimo. Tena mwili si chupa: una ini, figo na moyo.

KWA HIYO UFANYE NINI

Ukiona uvimbe kwenye titi, mama ukitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au ukiwa na kidonda kisichopona, nenda kituo cha afya mapema. Kansa nyingi hutibika zikiwahi. Huduma za kansa zipo Ocean Road mjini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Kama umekwisha kunywa dawa za miti, mwambie daktari jina la mti, usimfiche. Hakuna haja ya kuona haya.

Anayemeza warfarini asianze dawa yoyote ya miti, wala ya dukani, kabla ya kumwuliza daktari. Baadhi huongeza nguvu ya warfarini na damu ikatoka ovyo. Akitokwa na damu puani isiyokoma, au akienda haja kubwa nyeusi kama lami, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na sumu ya panya: nyingi zinazouzwa sasa ni za ukoo huu huu, tena zina nguvu kuliko warfarini. Mtoto aliyeila anaweza kucheza vizuri siku mbili tatu, ndipo damu ianze kutoka. Usingoje. Mpeleke hospitali mara moja na uchukue paketi ya sumu uwaonyeshe. Ikiwa ni sumu ya aina hii, vitamini K ndiyo dawa yake, na huenda akahitaji kuitumia kwa wiki nyingi.